Uvumi Uliotangulia Tauni: Somo Kutoka Strasbourg 1349 na London 1381



Katika kikundi cha vijana cha Jumatano niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika tano. Tulikuwa tunasoma Luka 21, na tulipofika mstari wa 11, unaotaja tauni pamoja na matetemeko na njaa, kijana mmoja akanyosha mkono. "Mchungaji, shuleni tulifundishwa kwamba zamani tauni iliua karibu nusu ya watu wa Ulaya. Ile ilikuwa hukumu ya Mungu, au ugonjwa tu? Na kama wote walikuwa Wakristo, kanisa lilifanya nini?"

Nilimwambia anipe muda, nitaandika. Nilifungua tena daftari zangu za Historia ya Kanisa za chuo cha Biblia, nikatafuta na mengine ya kusoma. Nilidhani nitaandika juu ya ugonjwa. Lakini kadiri nilivyosoma niliona kwamba lililonitisha zaidi lilifika katika miji mingi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nalo ni uvumi.

Ugonjwa wenyewe

Tuanze na mambo yanayojulikana. Mwaka 1347 meli za wafanyabiashara wa Genoa, mji wa Italia, zilitoka katika bandari za Bahari Nyeusi ambako watu walikuwa wameanza kufa. Oktoba 1347 ugonjwa ulikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa Marseille. Januari 1348 ulifika Avignon, kusini mwa nchi tunayoiita leo Ufaransa, alikokaa Papa wakati ule. Kisha Florence, kisha Paris, na katikati ya mwaka huo meli iliuingiza Uingereza kupitia bandari ndogo ya Melcombe. Ulifuata njia za biashara, gati kwa gati, soko kwa soko.

Mgonjwa alipata homa kali na mitoki mikubwa kinenani, kwapani au shingoni, na wengi walikufa ndani ya wiki moja. Ukiingia mapafuni, ulimaliza mtu kwa siku mbili tatu, naye aliwaambukiza wengine kwa kukohoa. Kati ya mwaka 1347 na 1351 Ulaya ilipoteza theluthi moja ya watu wake, na wataalamu wengi wa sasa wanasema ni karibu na nusu. Haikuwa sawa kila mahali. Kuna sehemu ziliachwa karibu salama na nyingine zikabaki magofu. Uingereza ilikuwa na watu kati ya milioni nne na nusu na milioni sita kabla ya tauni. Mwaka 1377 walibaki kama milioni mbili na nusu, maana ugonjwa ulirudi mwaka 1361 na tena baada ya hapo.

Leo tunajua ulikuwa nini. Mwaka 1894, huko Hong Kong, daktari Alexandre Yersin alikiona kijidudu chake kwa darubini. Mwaka 1898 daktari mwingine, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi kwamba viroboto wa panya ndio wanaokibeba. Na mwaka 2011 wataalamu walikipata kijidudu hicho katika mifupa ya watu waliozikwa London katika makaburi yaliyofunguliwa kwa ajili ya tauni ile ya 1348. Kwa hiyo hakuna shaka tena.

Ndugu zetu waliotoka Ituri hawana haja ya kuambiwa. Rethy, Mahagi, Aru, watu wanaujua ugonjwa huu kwa jina, na ng'ambo ya mpaka huku Uganda, upande wa West Nile, pia umekuwepo. Niseme jambo moja la afya kabla sijaendelea, kwa sababu gazeti hili linasomwa na akina mama wengi: ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba au ghalani, usiwashike kwa mkono, na ukipata homa na mitoki baada ya hapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tauni inatibika kwa dawa za antibiotiki ikiwahiwa. Isipotibiwa, ile ya mitoki huua watu 30 hadi 60 katika kila 100. Watu wa 1348 hawakuwa na dawa hiyo. Sisi tunayo.

(Wanaopenda kuchunguza Maandiko wasome 1 Samweli 5 na 6. Wafilisti walipigwa kwa majipu, na walipopeleka sadaka ya hatia walitengeneza sanamu za majipu na sanamu za panya. Sisemi kwa hakika kwamba ilikuwa tauni hii hii. Lakini Wafilisti waliweka panya na majipu katika sanduku moja, miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya daktari Simond.)

Watu walitafuta sababu

Mtu anapozika watoto watatu kwa juma moja, lazima aulize kwa nini. Mfalme wa Ufaransa aliwauliza madaktari wa chuo kikuu cha Paris, nao Oktoba 1348 wakajibu kwamba sayari tatu, yaani Zohali, Mshtarii na Mirihi, zilikutana mwezi Machi 1345 zikaharibu hewa. Hao ndio waliokuwa wasomi wakubwa wa bara zima. Tusiwacheke, walitumia elimu waliyokuwa nayo.

Wengine walisema ni dhambi. Vikundi vya watu vilitembea mji hadi mji wakijipiga mijeledi hadharani mpaka damu ikatoka, siku 33 na nusu kwa kila kikundi, nusu ya siku kwa kila mwaka wa maisha ya Bwana Yesu kama walivyohesabu... hapana, nimekosea, walihesabu siku moja kwa kila mwaka. Papa alivipiga marufuku Oktoba 1349, kwa sababu vilikuwa vimeanza kujifanya kanisa juu ya kanisa.

Na wengine walisema: kuna watu wametia sumu visimani. Ni Wayahudi.

Uvumi huu haukubaki midomoni tu. Mwezi Aprili 1348, huko Toulon, nyumba za Wayahudi zilivamiwa na watu wapatao 40 wakauawa. Mwezi Septemba 1348, katika ngome ya Chillon kando ya ziwa la Geneva, daktari mpasuaji Myahudi aitwaye Balavigny aliteswa mpaka akakiri kwamba alitia sumu katika chemchemi. Mtu anayeteswa hukiri chochote. Wapo wasomaji wa gazeti hili wanaolijua jambo hilo katika miili yao wenyewe, na sitaongeza neno. Maungamo yale yaliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikanakiliwa na kupelekwa miji mingine, na kila ilipofika ilisomwa kama ushahidi. Hivyo uvumi ulipata muhuri. Januari 9, 1349, huko Basel, Wayahudi walifungiwa katika nyumba ya mbao iliyojengwa kwenye kisiwa cha mto Rhine, wakachomwa moto.

Strasbourg

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mji huu ulikuwa na viongozi waliojaribu kukataa.

Strasbourg leo ni mji wa Ufaransa. Wakati ule ulikuwa mji huru katika dola ya Wajerumani, nao uliendeshwa na baraza lake. Mkuu wa baraza aliitwa Peter Swarber. Yeye na wenzake walipokea ile karatasi ya Chillon, walipokea barua za miji mbalimbali, wakachunguza, wakaona hawana kosa la kuwashitaki Wayahudi wao. Zaidi ya hayo mji ulikuwa umewaahidi ulinzi kwa maandishi, nao waliulipia ulinzi huo. Baraza likasema ahadi ni ahadi.

Hawakuwa peke yao. Baraza la Köln liliwaandikia Januari 1349 likionya kwamba tauni inatoka kwa Mungu, na kwamba mkiwaachia watu wafanye fujo juu ya Wayahudi, fujo hiyo haitaishia kwa Wayahudi. Onyo lenye hekima. Lakini Agosti ya mwaka huo huo Wayahudi wa Köln nao waliuawa.

Mapema Februari kulifanyika mkutano katika mji wa Benfeld. Askofu wa Strasbourg alikuwepo, na mabwana wakubwa wa jimbo la Alsace, na wajumbe wa miji. Wajumbe wa Strasbourg walisema hawajui ubaya wowote wa Wayahudi wao. Wakaulizwa: kama ni hivyo, mbona mmefunika visima vyenu na kuondoa ndoo? Fikirini swali hilo, ndugu zangu. Baraza lilikuwa limechukua tahadhari ili watu watulie, na tahadhari ikageuzwa kuwa ushahidi. Uvumi uko hivyo. Ukinyamaza, unaficha. Ukisema, unajitetea. Ukifunika kisima, basi kweli kina sumu.

Jumatatu Februari 9 vyama vya mafundi wa mji vilikusanyika na silaha na bendera zao mbele ya kanisa kuu. Vilimlaumu Swarber kwamba amekula rushwa ya Wayahudi. Kesho yake alikuwa amevuliwa madaraka, na baadaye akanyang'anywa mali zake. Baraza jipya likawekwa, na mkuu wake mpya alikuwa mchinja nyama. Serikali ya mji ilikuwa imepinduliwa. Nawaomba vijana waweke alama hapa: mafundi walikuwa na malalamiko ya kweli ya muda mrefu. Kwa miaka mingi matajiri wa koo kubwa ndio walioshika mji. Hasira yao dhidi ya wakubwa ilikuwa na haki ndani yake. Lakini ilipitia mlango gani? Ilipitia kwa wanyonge.

Jumamosi Februari 14, 1349, Wayahudi wa Strasbourg walipelekwa katika makaburi yao wenyewe. Huko kulikuwa kumejengwa jukwaa la mbao. Waliokubali kubatizwa waliachwa. Watoto wengi walichukuliwa kutoka mikononi mwa wazazi wao wakabatizwa. Waliobaki walichomwa. Waandishi wa mji ule wanataja watu 2,000; wataalamu wa sasa wanaona hesabu hiyo ni kubwa mno, lakini hakuna anayekataa kwamba walikuwa mamia kwa mamia.

Na tauni? Siku ile haikuwa imefika Strasbourg. Ilifika majira ya kiangazi, miezi kadhaa baadaye, ikaua watu walewale waliokuwa wamevisafisha visima vyao.

Baada ya moto kulikuwa na fedha. Ili tuelewe, lazima tukumbuke kwamba Kanisa lilikuwa limewakataza Wakristo kukopesha kwa riba, na Wayahudi nao walizuiwa kuingia vyama vya mafundi. Kwa hiyo wengi wao waliishi kwa kukopesha, na wakubwa na wadogo walikuwa na madeni kwao. Moto ulipozima, hati za madeni zilifutwa, rehani zikarudishwa kwa wenyewe, na fedha taslimu zikagawanywa kwa vyama vya mafundi. Fritsche Closener, padri wa mji ule aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 1362, hakuficha maoni yake: fedha ndiyo sumu iliyowaua Wayahudi. Anaeleza pia kwamba baadhi ya watu, kwa ushauri wa mapadri waliowaungamisha, walitoa fungu lao kwa ujenzi wa kanisa kuu au kwa watawa.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Kanisa lile bado limesimama. Wageni wanakwenda kulipiga picha kwa uzuri wake. Mimi ni mchungaji, nahesabu sadaka kila Jumapili, na sijui fungu la nani limetoka wapi.

Kijana aliuliza kanisa lilifanya nini

Jibu la kweli lina pande zaidi ya moja.

Papa Clement wa Sita alitoa barua Julai 1348 na tena Septemba 1348. Hoja zake zilikuwa rahisi, mtu yeyote angezielewa: Wayahudi wanakufa kwa tauni kama Wakristo, na tauni inaua hata katika nchi ambazo hazina Myahudi hata mmoja. Sasa sumu inatoka wapi? Akaonya kwamba atakayewadhuru atatengwa na Kanisa. Avignon na eneo lake walilindwa. Lakini kaskazini, kando ya mto Rhine, barua ya Papa ilikuwa karatasi nyingine tu, na watu walikuwa wameshachagua karatasi ya kuamini. (Huyu Papa hakuwa shujaa katika kila jambo. Kwa ushauri wa madaktari alikaa chumbani kati ya mioto miwili mikubwa, watu wasimkaribie. Daktari wake, Guy de Chauliac, hakukimbia. Alitibu, akaugua, akapona, akaandika aliyoyaona.)

Mapadri wa kawaida je? Wengine walikimbia. Wengi hawakukimbia, na ndiyo sababu walikufa kwa wingi, maana padri aliitwa kitandani pa kila anayekufa. Katika baadhi ya majimbo ya Uingereza karibu nusu ya mapadri walikufa. Januari 1349 askofu wa Bath na Wells, Ralph wa Shrewsbury, aliandika kwa watu wake kwamba asiyepata padri anaweza kuungama kwa muumini yeyote, na kama mwanamume hayupo, hata kwa mwanamke. Kwa Kanisa la wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Akina mama wa maombi wakisoma hapa watatabasamu, najua.

Na wapo walioona nafasi. Mwaka 1350 askofu mkuu wa Canterbury ilibidi awakemee mapadri waliokuwa wakiacha parokia zao maskini na kwenda kuimba misa za wafu kwa matajiri kwa malipo makubwa. Tunajuana.

Uingereza: mishahara, kodi na wageni

Nimetaja kwamba Papa alisema tauni inaua hata pasipo Wayahudi. Uingereza ni mfano. Wayahudi wote walikuwa wamefukuzwa nchini humo mwaka 1290, miaka 58 kabla ya tauni. Tauni ikaua vilevile.

Lakini baada ya vifo vile kukatokea jambo ambalo matajiri hawakulitegemea: mikono ya kazi ikawa michache, na maskini aliyebaki hai akaweza kusema, nilipe zaidi au nakwenda kwa jirani. Serikali ya mfalme Edward wa Tatu haikukawia. Juni 1349, wakati watu bado wanazikwa, ikatoka amri kwamba kila mwenye nguvu aliye chini ya miaka 60 lazima afanye kazi, tena kwa mshahara uleule wa kabla ya tauni. Mwaka 1351 bunge likaandika na viwango: wa kuanika nyasi asipate zaidi ya peni moja kwa siku. Aliyekataa alifungwa kwa mkatale. Bei za vitu zilipanda, mshahara ukafungwa kwa sheria. Hali hiyo iliendelea kwa miaka thelathini.

Kisha vita na Ufaransa vikahitaji fedha. Mwaka 1377 kikaja kodi ya kichwa, peni 4 kwa kila mtu. Mwishoni mwa 1380 bunge likaidhinisha peni 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka 15. Watoza kodi walipohesabu, watu zaidi ya laki nne walikuwa "wamepotea" ukilinganisha na 1377. Hawakufa. Walijificha. Serikali ikatuma watu wa kuchunguza, na Mei 30, 1381, huko Brentwood katika jimbo la Essex, wanavijiji wakawafukuza. Katika siku chache maelfu walikuwa njiani kwenda London.

Aliyewahubiria alikuwa padri, John Ball, aliyekuwa amefungwa mara kadhaa kwa mahubiri yake. Alifundisha kwamba wote tumetoka kwa Adamu na Hawa, na mwanzo hapakuwa na bwana na mtumwa. Mimi sioni kosa katika fundisho hilo. Liko Mwanzo 1. Kiongozi wao aliitwa Wat Tyler. Mfalme alikuwa Richard wa Pili, mvulana wa miaka 14.

Juni 13 waliingia London. Juni 14 mfalme alikutana nao Mile End akawaahidi kwamba utumwa wa mashambani umekwisha, na makarani wakaanza kuandika hati. Siku hiyo hiyo kundi jingine liliingia katika Mnara wa London, likamtoa askofu mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia waziri mkuu wa mfalme, likamkata kichwa.

Na siku hiyo hiyo, jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa mstari mmoja. London walikuwepo wafumaji wa nguo kutoka Flanders, ng'ambo ya bahari. Wengine walikuja kutafuta kazi. Wengine walikuwa wamefukuzwa kwao kwa sababu za siasa, na mfalme Edward akawapokea mwaka 1351. Walikuwa, kwa lugha yetu, wakimbizi. Wafumaji wenyeji walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba wageni hawa wanawanyang'anya riziki. Ghasia zilipoanza, watu wapatao 35 wa Flanders walikimbilia katika kanisa la St Martin Vintry. Walitolewa mle ndani, wakakatwa vichwa barabarani, mmoja baada ya mwingine. Kitabu kimoja cha historia ya London kinasimulia kwamba watu walitambuliwa kwa kuambiwa watamke "mkate na jibini" kwa Kiingereza. Aliyetamka kwa lafudhi ya kwao alikufa.

Mnakumbuka Waamuzi 12:6, neno Shibolethi kwenye vivuko vya Yordani. Wengi wetu tumepita kwenye vizuizi vya barabara ambako ulimi wako ndio kitambulisho chako.

Waasi wale walikuwa na haki katika madai yao mengi. Ndiyo maana habari hii inaniuma kuliko ya Strasbourg. Watu walioonewa kwa miaka thelathini, siku walipopata nguvu, baadhi yao walimtafuta aliye mnyonge kuliko wao.

Juni 15, Smithfield, Wat Tyler alijeruhiwa na mkuu wa mji wa London, William Walworth, na akauawa siku hiyo. Hati za uhuru zilifutwa. John Ball alinyongwa St Albans Julai 15. Lakini hakuna serikali iliyothubutu kutoza kodi ya namna ile tena kwa muda mrefu sana, na utumwa wa mashambani ukaendelea kufa polepole, kwa sababu mikono ya kazi ilibaki michache.

Nirudi kwa kijana wangu

Je, ilikuwa hukumu? Nasoma Luka 13:1-5. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikataa kabisa kusema kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko waliobaki. Kisha akawageukia waliouliza. Kwa hiyo sitasema watu wa Messina walikuwa wabaya kuliko wengine. Waliuawa na kiroboto. Lakini waliokusanyika mbele ya kanisa kuu la Strasbourg hawakusukumwa na kiroboto. Andiko lao ni Kutoka 23:1-2, ambapo mstari wa kwanza unahusu uvumi na wa pili unahusu umati. Musa aliviweka jirani, naona ni kwa sababu kimoja huzaa kingine.

Niongeze langu, maana si haki kuwahukumu wa Strasbourg kutoka mbali. Mwaka mmoja hapa kwetu palitokea kuhara kwingi. Nilikuwa kwenye foleni ya maji asubuhi, na mtu mbele yangu akasema kwa sauti kwamba wale waliofika juzi ndio wameleta, wanajisaidia karibu na chanzo cha maji, wana uchawi wao. Nilijua si kweli. Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla hawajashuka kwenye lori. Watu walinitazama, kwa kuwa ni mchungaji. Nilinyamaza. Jerikeni langu likajaa, nikabeba, nikaondoka. Jioni ile watoto wa wale wageni walifukuzwa bombani kwa mawe. Nimekwenda kuwaomba radhi wazazi wao. Mmoja wao sasa anaimba katika kwaya yetu, na ameniruhusu niandike haya.

Wayahudi walionusurika kando ya Rhine, wengi walielekea mashariki. Huko Poland mfalme Kazimierz wa Tatu alikuwa amethibitisha mwaka 1334 haki zao za kuishi na kulindwa kwa sheria, naye alizithibitisha tena mwaka 1364. Jamii zao zilikua huko kwa karne nyingi. Strasbourg yenyewe iliwaruhusu wachache kurudi mwaka 1369, kisha ikawafukuza tena kabla ya karne ile kwisha.

Maswali ya vikundi vya Jumatano

Someni Kutoka 23:1-9 yote, si mistari miwili tu, mwangalie mstari wa 9 unasema nini juu ya mgeni na unampa nani sababu.

Peter Swarber alipoteza cheo na mali, na watu aliowatetea walikufa hata hivyo. Je, alifanya bure? Wazee wa kikundi wasijibu kwanza. Waacheni vijana waanze.

Ni uvumi gani unaotembea katika kijiji chenu wiki hii, juu ya nani? Mtu wa kwanza kukuambia alikuwa nani, na yeye aliuona kwa macho yake?